Ua la Bahari Litembealo



Miongoni mwa mapambo yaliyoingia katika nyumba za watu wa zama hizi ni lile tangi la kioo litiwalo maji ya chumvi, likapambwa kwa mawe ya matumbawe na samaki wa rangi, likamulikwa kwa taa hata likawa kama kipande cha bahari kilichowekwa sebuleni. Vijana wengi wanalipenda pambo hili, na wazee nao hulitazama wakastarehe. Sisi hatuna la kulilaumu, kwani kuwatazama viumbe vya baharini ni katika mambo yanayofungua akili ya mtoto. Lakini ndani ya kioo kile mna roho, na mwenye kuifungia roho mahali amejitwika mzigo ambao yampasa aujue uzito wake kabla hajautia begani.

Jambo lililotusukuma kuandika makala hii tuliliona kwa macho yetu katika safari yetu ya Maskati, ambako wengi katika ndugu zetu wenye asili ya pwani ya Afrika Mashariki wanaishi, na wangali wakizungumza Kiswahili majumbani mwao. Tulifikia kwa marehemu ndugu yetu, ambako sasa wanakaa mjane wake na mtoto wao wa kiume, kijana wa miaka 19. Kijana huyu alikuwa na tangi la lita 200 hivi, alilolijaza maji tangu miezi mitatu tu. Juma moja kabla ya kufika kwetu alinunua dukani anemoni mmoja mzuri sana, wa rangi ya kahawia, na ncha za minyiri yake zimevimba kama shanga. Alimweka juu ya jiwe la katikati, mahali ambapo mgeni aingiapo sebuleni humwona kwanza.

Usiku ule ule wa kwanza anemoni akahama, akaenda nyuma ya jiwe. Kijana akambandua, akamrudisha. Usiku wa pili akahama tena, naye akamrudisha tena. Tulipofika sisi alikuwa amekwisha kumrudisha mara tatu, akatuambia huku akicheka, "Ami, huyu ni mtoro, lakini atazoea."

Siku ya tatu ya ziara yetu, baada ya sala ya alfajiri, tulimsikia akiita. Tulipoingia sebuleni tuliyaona maji ya tangi yamegeuka kama maji yaliyooshewa mchele. Usiku anemoni alikuwa ameliachia jiwe, akachukuliwa na mkondo, akavutwa na pampu ya kusukumia maji, ikamsaga. Sumu yake na uozo wa mwili wake vikaenea tangi zima. Samaki wake wawili wa rangi ya machungwa walikuwa wamelala chini wamekufa, na kamba mdogo mwenye mistari vivyo hivyo. Kijana alikaa sakafuni akashika kichwa, akasema, "Ami, nimewaua kwa mikono yangu."

Hatukuwa na neno la kumliwaza siku ile. Lakini tangu hapo tumekuwa tukiwauliza wanaojua na kusoma yaliyoandikwa, ili tupate kufahamu kwa nini kiumbe yule hakutaka kukaa alipowekwa. Tuliyoyapata twayaweka mbele ya wasomaji wetu, huenda yakamfaa kijana mwingine kabla hajafika kwenye majuto.

NI KIUMBE GANI HUYU?

Anemoni wa baharini amtazamaye kwa mara ya kwanza hudhani ni ua. Ana kikonyo, na juu ya kikonyo kuna duara la minyiri iliyochanua. Lakini ni mnyama kamili, wa jamaa moja na matumbawe na viwavi vya baharini, na aina zake zilizokwisha kujulikana ni zaidi ya 1,000. Hana mfupa, hana macho, wala hana ubongo. Mwili wake ni kama mfuko uliojaa maji, na kwa kuyazuia maji hayo na kuyakamua kwa misuli yake huweza kusimama, kuvimba na kusinyaa. Kati ya minyiri pana tundu moja tu. Hilo ndilo kinywa chake, na hapo hapo ndipo anapotolea mabaki ya chakula.

Ndani ya minyiri mna vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na katika kila kifuko mna uzi uliokunjwa kama mshale ndani ya podo. Kiumbe kingine kikigusa, uzi huo hufyatuka ukachoma na kutia sumu. Kwa silaha hiyo hukamata samaki na kamba wadogo, na kwa silaha hiyo hiyo huwachoma jirani zake, matumbawe na wengineo, kila apitapo.

Anemoni wa bahari za joto, ambao ndio wafugwao sana katika matangi haya, wana siri nyingine. Ndani ya nyama yao mnaishi mwani mdogo mno. Mwani huu hupokea nuru, ukatengeneza sukari, ukampa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula chake. Yeye naye huupa makazi na kuukinga. Kwa hiyo anemoni wa namna hii ana vyakula viwili, kimoja anachokikamata kwa minyiri na kingine anachokipata kwa nuru. Akikosa nuru kwa muda mrefu, au maji yakipata joto la kupita kiasi, mwani humtoka akabaki mweupe kama karatasi. Weupe ule huwavutia wanunuzi wasiojua. Kumbe ni weupe wa njaa, na wako wauzaji ambao huwatia rangi za kubandika anemoni kama hao, wakawa wa manjano au wa buluu, ili wanunuliwe upesi.

JINSI ATEMBEAVYO NA SABABU YA KUTEMBEA

Chini ya mwili wake anemoni ana wayo mpana wenye misuli, ambao kwa huo hushika jiwe kwa nguvu. Atakapo kuhama hutambaa kwa wayo huo kama konokono, polepole hata mtu akimkodolea macho haoni kitu. Lakini mtu akilala, asubuhi humkuta upande mwingine wa tangi. Na ikiwa mahali hapamfai kabisa, huachia jiwe, akajijaza maji, akaelea na kuchukuliwa na mkondo umpeleke popote. Baharini njia hii ni ya busara, kwani bahari ni pana na mkondo utamfikisha kwenye mwamba mwingine. Ndani ya tangi mkondo haumfikishi popote ila kwenye mdomo wa pampu.

Basi hutafuta nini? Hutafuta mambo matatu au manne, nayo ni yale yale ambayo maumbile yake yanayataka. Kwanza ni nuru ya kiasi chake. Ikipungua hujinyoosha, kisha akapanda kuifuata, na ikizidi hukimbilia kivulini. Pili ni mkondo wa maji, usiwe wa kumpiga wala usiwe umetuama. Tatu ni mahali pa kutia wayo. Hapa aina zinatofautiana sana. Yule mwenye ncha kama shanga, aitwaye na wataalamu Entacmaea quadricolor, ambaye nyumbani kwake ni kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hata visiwa vya Pasifiki, hupenda kutia wayo wake ndani ya ufa wa jiwe, ili akiingiwa na khofu ajivute ndani. Yule aitwaye Stichodactyla haddoni hukaa mchangani. Na yule mkubwa ambaye vitabu vingi humwita Heteractis magnifica, awezaye kufikia upana wa mita moja, baharini hukaa juu ya mwamba ulio wazi, penye jua kali na mkondo wa nguvu. Huyu ni mashuhuri kwa kuzurura anapotiwa katika tangi la nyumbani, kwani ni shida kumpatia humo yale aliyoyazoea. Jambo la nne ni maji yenyewe. Yakiwa na uchafu, au chumvi ikipanda na kushuka, hatatulia popote, maana kila aendako maji ni yale yale.

Kwa hiyo kuhama kwake hakuna utoro ndani yake. Asiye na ulimi husema kwa mwendo. Yule anemoni wa Maskati alikuwa ametiwa juu ya jiwe laini lisilo na ufa, chini ya taa kali, katika tangi changa. Kila usiku alisema, na kila asubuhi akanyamazishwa.

BIBI WA EDINBURGH

Huenda msomaji akasema, mnyama huyu asiye na ubongo ana thamani gani hata tumfanyie mashaka yote haya? Na atazame kisa hiki.

Mwaka 1828 bwana mmoja wa Scotland, Sir John Graham Dalyell, aliokota anemoni mwekundu mdogo katika miamba ya North Berwick, akamchukua hadi Edinburgh, akamweka katika chombo cha kioo. Huyu alikuwa wa aina ya bahari za baridi, asiyehitaji nuru ya jua kwa chakula chake, na haja zake zilikuwa chache: maji safi ya bahari na chakula kidogo kwa nyakati zake. Dalyell alifariki mwaka 1851, na anemoni akaachiwa mwangalizi mwingine, na baada yake mwingine. Alizaa mamia ya watoto, akazeeka hata watu wakamwita Bibi. Alikufa mwaka 1887, naye amekaa chini ya ulinzi wa binadamu miaka 59, na magazeti yakaandika tanzia yake. Hakuwa na tangi kubwa wala mashine yoyote. Alikuwa na watu waliomtimizia haja zake kila siku bila kuchoka.

Basi kijana wa miaka 19 anaponunua anemoni, asidhani amenunua pambo la mwaka mmoja. Akitunzwa ipasavyo huenda akamwona kijana yule akioa, akizaa na kuota mvi.

Lakini khabari za nchi ile zina upande wa pili, nao ni wa kusikitisha. Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe vya baharini, alitoa kitabu chake The Aquarium mwaka 1854, akaeleza kwa ufasaha jinsi ya kuweka bahari ndogo nyumbani. Watu wakaingiwa na shauku kubwa. Wakashuka pwani kwa ndoo na patasi, wakabandua anemoni na kila kilichopendeza katika vidimbwi vya miamba. Wengi wa viumbe hao walikufa baada ya siku chache ndani ya vyombo vya watu wasiojua kuwatunza. Mwanawe, Edmund Gosse, katika kitabu chake Father and Son kilichotoka mwaka 1907, alisimulia kwa uchungu jinsi vidimbwi vile alivyovijua utotoni vilivyoharibiwa, na jinsi baba yake alivyohuzunika kuona kwamba vitabu vyake mwenyewe ndivyo vilivyofungua mlango. Mapenzi yasiyo na elimu huvila vile vinavyopendwa.

KUITENGENEZA NYUMBA KABLA YA MGENI

Sasa tuje kwenye matendo. La kwanza ni subira. Tangi jipya, hata maji yake yakiwa maangavu kama chozi, bado halijaiva. Mabaki ya chakula na choo cha samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika mawe na mchanga huota taratibu viini visivyoonekana, ambavyo huigeuza amonia ikawa nitriti, na nitriti ikawa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Kazi hii huanza baada ya majuma machache, lakini utulivu kamili huchelewa. Wafugaji wenye uzoefu husema anemoni asitiwe kabla ya tangi kutimiza miezi sita, na wengine husema mwaka. Tangi la miezi mitatu la mtoto wetu lilikuwa nyumba isiyoezekwa.

La pili ni maji. Chumvi iwe kiasi cha gramu 35 kwa lita moja, kama ilivyo baharini, na joto liwe baina ya digrii 24 na 27. Na kijana ajue jambo hili, kwani wengi hulikosea: maji yanapopungua kwa kukauka, chumvi haikauki pamoja nayo. Hubaki ndani, ikazidi kuwa kali. Basi upungufu huo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyosafishwa vizuri, tena kidogo kidogo kila siku. Katika nchi za joto kali kama Omani, tangi lililo katika chumba kisichopozwa huweza kupanda joto mchana mmoja tu kupita kiasi cha usalama. Asiye na njia ya kupoza maji asijaribu.

La tatu ni nuru na mawe. Taa iwe ya kufaa matumbawe, na mawe yapangwe yawe na nyufa na mapango madogo, mengine juu na mengine chini, ili anemoni apate kuchagua. Wenye hekima humwekea kilima chake peke yake, kilichozungukwa na mchanga mtupu, kwani aghalabu hapendi kuvuka mchanga, na hivyo matumbawe ya jirani husalimika na minyiri yake.

La nne, nalo ndilo lililoleta msiba tuliouona, ni kuziba kila tundu linalovuta maji. Kila pampu ivikwe sponji au wavu mnene, na sponji hiyo ioshwe mara kwa mara isizibe. Kifaa cha kupashia maji joto nacho kiwekewe kizuizi, maana anemoni akikikumbatia ataungua. Kazi hii ni ya saa moja na gharama yake ni ndogo, na ifanywe kabla ya anemoni kuingia nyumbani. Akisha kuingia, usiku wa kwanza huenda ukawa umechelewa.

La tano ni kumchagua. Mwenye afya ana rangi yake ya asili, kinywa chake kimefumba, minyiri yake hunata ikiguswa, na wayo wake haukuchanika. Mwenye kinywa kilicho wazi na kulegea, au mweupe, au mwenye rangi isiyo yake, mwache dukani. Bora zaidi ni kumpata kwa mfugaji mwingine. Yule mwenye ncha kama shanga hujigawa mwenyewe akawa wawili, na hao wawili wakawa wanne, na vipande vyake vimekwisha kuzoea maisha ya tangi. Kwa njia hii watu hupeana, na bahari hubaki na vyake.

AKIANZA KUHAMA

Hata yote haya yakitimizwa, anemoni mgeni atatembea. Atatembea siku moja, au tano, au majuma mawili, mpaka apate mahali anapopataka. Wajibu wa mwenyeji ni kumwacha. Asimbandue kwa nguvu, kwani wayo ukichanika huoza, na jeraha hilo mara nyingi ndilo mauti yake. Kila abanduliwapo huanza safari upya na nguvu zake zimepungua.

Na amwangalie mwendo. Akipanda karibu na uso wa maji na kujinyoosha, taa ni dhaifu. Akijificha nyuma ya mawe, huenda nuru au mkondo umezidi. Akizunguka tangi lote bila kutulia, maji yapimwe kwanza kabla ya kufikiriwa jambo lingine. Na yule aliyekaa mahali pamoja miezi mingi, kisha ghafula akahama, bila shaka pana kilichobadilika: taa mpya, pampu iliyogeuzwa, jirani amchomaye, au samaki anayemsumbua.

Ikiwa amekaa pa khatari na hapana budi kumwondoa, jiwe lote lihamishwe pamoja naye. Lisipoweza kuhamishwa, aelekezewe wayoni mkondo mwembamba wa maji, au kipande cha barafu kilichofungwa ndani ya mfuko kiwekwe karibu na wayo. Aghalabu ataachia mwenyewe. Mwenye kufanya hivyo avae glavu, na asijiguse macho mpaka aoshe mikono.

Tena mtu asifanye haraka kumhukumu kuwa amekufa. Mara kwa mara anemoni hujikunyata, akatoa maji yote ya mwilini na uchafu wake, akawa kama tambara lililotupwa, kisha baada ya saa chache akachanua tena. Hilo ni desturi yake. Aliyekufa hujulikana kwa kuyeyuka vipande vipande, na kwa harufu yake mbaya mno. Huyo atolewe papo hapo, maji mengi yabadilishwe, na chujio litiwe makaa ya kusafishia maji. Kuchelewa kwa usiku mmoja ndiko kulikomaliza tangi la mtoto wetu.

CHAKULA NA JIRANI ZAKE

Chakula chake kikubwa ni nuru. Mara moja au mbili kwa juma apewe kipande kidogo cha kamba au cha samaki asiyetiwa chumvi wala viungo, kisichozidi upana wa kinywa chake. Kipande kikubwa hukitapika baada ya siku moja, kikaharibu maji. Dawa za samaki zilizotengenezwa kwa shaba zisitiwe kabisa katika tangi lake, kwani humuua.

Jirani yake mpenzi ni yule samaki mdogo wa jamii ya Amphiprion, aina zake karibu 30, ambaye mwili wake umepakwa ute unaomkinga na sumu. Huingia ndani ya minyiri akalala humo salama. Naye hulipa kodi yake: huwafukuza samaki wanaokuja kumdokoa anemoni, humpepea maji usiku, na choo chake ni mbolea ya ule mwani wa ndani. Hata hivyo samaki mkubwa na mkali akitiwa pamoja na anemoni mchanga humsugua na kumchosha, hata akahama kwa ajili yake. Na asiyeweza kumtunza anemoni asikate tamaa na samaki hawa, kwani ndani ya tangi huishi vizuri bila ya anemoni, na wengi wauzwao siku hizi wamezaliwa katika matangi ya wafugaji.

WALE WA PWANI YETU

Msomaji wa pwani yetu huenda akasema, mimi sina haja ya duka, nitashuka mwambani wakati wa bamvua nijichukulie. Ni kweli kwamba viumbe hawa ni jirani zetu. Kuanzia Kenya hata Unguja, Mafia na kusini zaidi, anemoni wakubwa wanaishi katika miamba yetu, na pamoja nao samaki wao, kama vile Amphiprion akallopisos mwenye mstari mweupe mgongoni, na Amphiprion allardi mwenye mikanda myeupe ubavuni. Lakini twamwomba akumbuke vile vidimbwi vya Gosse. Katika hifadhi za bahari, kama za Malindi na Watamu zilizowekwa mwaka 1968, kuvichukua viumbe kumekatazwa na sheria. Na hata pasipo na mlinzi, anemoni mkubwa aliyebanduliwa ni nyumba iliyovunjwa, na samaki waliokuwa ndani yake huliwa mara moja. Miamba yetu ina mashaka yake ya kutosha. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalipauka na kufa.

Atakaye kuwaona, na avae miwani ya kupigia mbizi, ashuke maji yanapojaa, atazame, arudi nyumbani mikono mitupu. Tumewapeleka wanafunzi wetu kutazama vidimbwi vya mwambani, nasi twashuhudia kwamba mtoto aliyemwona anemoni akichanua mahali pake hasahau.

Wanafunzi wetu wa madrasa wanaijua khabari ya yule mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie riziki. Hatuna haja ya kuirefusha hapa. Aliye ndani ya kioo amefungiwa kama paka yule, hawezi kwenda kutafuta maji mengine wala jua jingine. Kila anachokihitaji kipo mkononi mwa aliyemfungia.

VITI VILIVYOHAMISHWA

Twamalizia kwa khabari za mtoto wetu wa Maskati. Baada ya msiba ule alitaka kuliuza tangi. Mama yake akamwambia, "Ukiliuza sasa utakuwa umejifunza kuua tu." Akalisafisha, akalijaza upya, akangoja mwaka mzima na zaidi, akipima maji yake kila juma na kuyaandika katika daftari. Kila pampu akaivika sponji. Kisha mzee mmoja jirani yao, mfugaji wa siku nyingi, akampa bure kipande cha anemoni aliyejigawa katika tangi lake.

Tulipomtembelea mara ya pili alitusimulia kwamba anemoni yule alitembea siku 9. Usiku alikuwa akiamka na tochi kumtazama, lakini hakumgusa. Siku ya kumi alitia wayo katika ufa wa jiwe, pembeni kabisa mwa tangi, upande wa nyuma unaoelekea dirishani, na hapo hajatoka hata leo. Ila palikuwa na dhiki moja: aketiye sebuleni hakuweza kumwona hata kidogo.

Tukamwuliza shemeji yetu wamefanyaje. Akacheka, akatuonyesha kwa mkono. Viti vyote vya sebuleni vilikuwa vimehamishiwa upande wa dirisha.